Kupima bastola Texas, kuipiga Kiambu

Swali ninaloulizwa zaidi na Wakenya wenzangu wanaoanza mchezo wa shabaha ni hili: bastola gani ya magazini kubwa inafaa mashindano? Wananitumia swali hilo kwa WhatsApp pamoja na video za Wamarekani, na nyingi kati ya hizo huishia kwenye bastola ileile, CZ Shadow 2. Mimi naishi kaskazini mwa Texas na nashiriki mechi za USPSA, chama cha Marekani cha mashindano ya shabaha. Nikirudi nyumbani huwa napita Kirigiti, Kiambu, kwenye uwanja wa chama cha wamiliki wa bunduki, kuona wenzangu wanavyopiga. Video zile hazidanganyi. Lakini zinamjibu mtu anayeishi ninakoishi mimi, si mtu wa Kiambu.

Shadow 2 ilitoka mwaka 2016. Inatengenezwa Uherský Brod, Jamhuri ya Cheki, na kampuni ileile ya bastola ambazo taarifa za polisi wetu huziita Ceska. Mzizi wake ni CZ 75, bastola iliyobuniwa na ndugu wawili, Josef na František Koucký, na kutangazwa mwaka 1975. Katika bastola nyingi slaidi huifunika fremu kwa nje. Kwenye CZ 75 slaidi hupita ndani ya reli za fremu, kwa hiyo mtutu hukaa chini, karibu na mkono wa mpigaji. Jericho ya Israeli, ambayo nayo si ngeni Kenya, ni ya ukoo huohuo.

Kwa nini Wamarekani wanaipenda? Kwanza, uzito. Shadow 2 ina gramu 1,330 bila risasi. Glock 17 ina karibu nusu ya hapo. Risasi ikitoka, chuma hicho chote kinameza teke, na alama ya kulengea ya mbele inapanda kidogo tu kisha inarudi palepale ilipokuwa. Katika mchezo ambao karibu kila karatasi hupigwa risasi mbili mbili, kurudi huko ndiko kunakoamua kama risasi ya pili itaingia eneo la A au itapotelea pembeni. Pili, triga. Risasi ya kwanza hufyatuliwa nyundo ikiwa chini, na kidole hufanya kazi kubwa. Zinazofuata huwa nyepesi na fupi. Mtu akiizoea ile ya kwanza, zilizobaki zinampa raha.

Sasa magazini, ambayo ndiyo hasa wanayoniulizia. Mashindano haya huhesabu pointi ulizopata kugawa kwa sekunde ulizotumia. Steji ndefu inaweza kudai hadi risasi 32. Chukua daraja la Production katika kanuni za kimataifa za IPSC, ambalo linakubali risasi 15 kwenye magazini: ukiwa na moja zaidi chemba, unaanza na 16. Ukibadilisha magazini mara moja umefikisha 31, na bado kuna risasi moja inayodaiwa, kwa hiyo lazima ubadilishe tena, hata kama hukukosa shabaha yoyote. Ukihamia daraja la Carry Optics la USPSA, sheria haihesabu risasi, inapima urefu wa magazini: milimita 141.25. Ukiongeza kitako kirefu, magazini ya urefu huo inaingia risasi 23 hivi. Ukianza na 24, badiliko moja linakutosha, na unachagua mwenyewe ulifanyie wapi. Huko kuchagua ndiko ninakokuthamini. Mpigaji mzuri hubadilisha magazini akiwa anakimbia kutoka kizuizi kimoja kwenda kingine, na hapotezi kitu. Anayepoteza ni yule ambaye risasi zimemwishia amesimama mbele ya shabaha, karatasi zikimtazama.

Ndiyo maana huku bastola haipimwi kwa kuishika dukani. Inapimwa kwa kuipiga, tena sana. Wenzangu wengi wana mashine ya kujazia risasi kwenye gereji, hasa za Dillon: kila ukivuta mpini unaingia unga, inakaa risasi, na ganda jipya linasogea. Wanajaribu risasi ya greni 147 inayokwenda futi 900 kwa sekunde, kisha ya greni 124 kwa futi 1,050, na wanaangalia ipi inaituliza bastola. Ukizidisha uzito kwa mwendo na kugawa kwa 1,000 unapata 132.3 kwa ya kwanza na 130.2 kwa ya pili. Zote zinapita 125, kiwango cha chini kinachokubalika, na kwenye mechi kubwa kronografu inakusubiri ihakikishe. Bastola ikionyesha haiipendi risasi fulani, mtu anabadilisha springi ya slaidi siku hiyohiyo, kwa sababu springi imo kwenye droo yake.

Na watu wanaazimana. Ukiuliza habari za bastola ya mtu kwenye mechi ya mtaani, mwenyewe anakuambia usubiri watu wamalize, kisha anakupa uijaribu. Hapa niwasihi wanafunzi na wenzetu wenye viza za muda: msipokee tu kwa sababu mmepewa kwa ukarimu. Sheria ya shirikisho la Marekani humkataza mwenye viza ya muda kumiliki au kuwa na bunduki mkononi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria yenyewe. Mwenye green card anaweza kununua kwa muuzaji mwenye leseni, akijaza fomu 4473 na kuchunguzwa rekodi zake. Dakika tano za kujaribu bastola ya rafiki hazifai kukuharibia maisha.

Nyumbani mambo huanzia kwingine kabisa. Chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, cheti kinataja mtu, kinataja bunduki yake, na kinataja idadi ya risasi anazoruhusiwa kununua na kuwa nazo. Mwishoni mwa 2018 serikali iliamuru wenye leseni wote wahakikiwe upya. Siwalaumu walioandika sheria hiyo. Naijua historia ya silaha haramu katika kanda yetu, na kama mzazi ningependa mlango huo uwe mwembamba. Lakini angalia inavyobadilisha kazi ya kupima bastola. Risasi zinatoka kwa muuzaji mwenye leseni, na kila sanduku lina bei yake na rekodi yake. Kiwanda cha Eldoret kinatengeneza risasi za milimita 9, ila mpiga shabaha wa kawaida hununua alichokikuta dukani wiki hiyo. Kwa hiyo bastola inayochagua risasi, inayotaka greni fulani ndipo itulie, ni mzigo kwake hata kama Texas inaitwa bingwa.

Halafu kuna mchezo wenyewe. Mchezo ulioshika sana nyumbani ni IDPA, na Kirigiti imewahi kuandaa mashindano yake ya Afrika. IDPA ilianzishwa Marekani mwaka 1996 na watu waliotaka mchezo unaofanana na kujihami kwa bastola ya kawaida, iliyofichwa chini ya koti. Steji zake hazizidi risasi 18. Kwa miaka mingi magazini katika madaraja yake makuu hazikujazwa zaidi ya risasi 10, na bastola iliwekwa kwenye mizani: kikomo hakikuzidi wakia 43, yaani gramu 1,219 hivi. Rudi sasa kwenye gramu 1,330 za Shadow 2. Kitu kilekile kinachoifanya ipendwe kwenye video kiliifungia mlango katika madaraja hayo. Na magazini ya risasi 23 ungeifanyia nini mahali ambapo steji nzima inadai 18, nawe ulikuwa umefungwa kwenye 10?

Kirigiti nilimtazama mzee mmoja akimfundisha kijana wake kupima triga bila kutumia hata risasi moja. Bastola ilikaguliwa na wote wawili, chemba tupu, magazini pembeni, mtutu ukielekea kwenye ukuta wa udongo. Mzee akasimamisha ganda tupu juu ya slaidi, karibu na alama ya mbele.

"Vuta polepole. Likianguka, umeisukuma."

Kijana akavuta, ganda likayumba, likaanguka kwenye vumbi jekundu.

"Okota. Tena."

Nilimwambia, "Mzee, sisi kule tungekuwa tumepiga sanduku mbili kufikia sasa."

"Na mngejua nini zaidi, kijana wangu?"

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu alichokuwa akikipima ni kitu cha kweli: je, mkono huu unaweza kuvuta triga hii, nyundo ikiwa chini, bila kuisogeza bastola? Swali hilo huulizwa mara chache sana kwenye uwanja wenye risasi tele. Watu wanapiga hadi wanazoea, kisha wanasema bastola ni nzuri.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakijali uko wapi, na hapo ndipo ningetaka wanaonunua nyumbani waweke macho yao. Ni magazini, moja moja. Bastola nyingi za kisasa zikikwama, chanzo ni magazini: midomo ya juu imepanuka, springi imechoka, au mchanga umeingia ndani. Hesabu yake inauma. Steji ya pointi 100 ukiimaliza kwa sekunde 20 umepata 5.00, bastola ikikwama ukapoteza sekunde 4 kuikwamua, umeshuka hadi 4.17, na hukukosa shabaha yoyote. Udongo wa Kiambu ni mlaini na unanata. Magazini ikianguka kwenye tope la Aprili, unga wake mwekundu hukauka ndani ya mrija, na kile kisahani kinachosukuma risasi juu kinaanza kupanda kwa shida. Andika namba kwenye kila magazini. Ijaze, iangushe, ifungue, ifute kwa kitambaa kikavu bila mafuta, ijaze tena. Ile inayokukwamisha mara ya pili, itoe kwenye mshipi, ibaki ya mazoezi.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoniandikia, kabla ya kuuliza kama inachukua 17 au 23, ulizeni duka la Nairobi kama lina magazini za ziada na springi za bastola hiyo leo, si kwa kuagiza. Someni kitabu cha kanuni cha mchezo mtakaoucheza na mpeleke bastola kwenye mizani kabla ya kulipa. Hakikisheni inakula risasi za kawaida za milimita 9 zinazopatikana, za ncha ya mviringo, kutoka kwa watengenezaji zaidi ya mmoja. Kama fedha zilizopo zinatosha ama bastola ya kifahari na magazini mbili, ama Glock 17 au CZ ya kawaida na magazini tano, chukueni ya pili, na kinachobaki mkiweke kwenye risasi ambazo cheti kinawaruhusu kununua.