Aliyeitwa Mtumwa, Akaitwa Siti

Kwa watu wa pwani, jina halipewi mtoto kwa ajili ya kumtofautisha na wenzake tu. Siku ya saba, nywele za utotoni zikishanyolewa na akika ikishachinjwa, jina linalotajwa huwa ni dua, na aghalabu huwa pia ni deni. Mtoto hurithishwa jina la bibi au babu aliyetangulia mbele ya haki, ili lisikike tena nyumbani na lisipotee. Ndiyo maana nyumba moja ya Ng'ambo, Unguja, iliingia katika tabu alipozaliwa mtoto wa kike wiki chache baada ya kuzikwa mama wa babu yake. Marehemu alikuwa kipenzi cha wote, na desturi ilijua ni jina gani linalostahiki kurudi. Lakini marehemu akiitwa Mtumwa. Siku zikahesabiwa, ya tatu, ya nne, ya tano, na hapana kijana aliyethubutu kulitaja.

Lugha yenyewe haina kosa. Mtumwa ni aliyetumwa, na kitenzi ni kile kile kilichotupatia mtumishi, utume na Mtume. Aliyetumwa na Mola wake ana daraja isiyo mfano. Aliyetumwa na binadamu mwenzake, asiwe na ujira wala ruhusa ya kukataa, hana daraja yoyote. Silabi ya mwisho tu ndiyo inayowatenga. Wapo wazazi waliolichukua jina hilo kwa maana ya mja wa Mungu, na wapo waliolitoa kwa unyenyekevu, kama walivyotoa Tabu, Shida na Mashaka, ili mtoto asionewe kijicho. Hata hivyo, katika kisiwa ambacho soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873, ambacho sheria yake iliufuta utumwa mwaka 1897, na ambacho masuria wake walingoja hadi mwaka 1909 kuingizwa katika hukumu hiyo, ni vigumu sikio kulipokea jina hilo kama dua peke yake.

Kiasi cha mwaka 1880, huko Fumba, kusini ya Unguja, bwana mmoja aitwaye Saad alipata binti, naye akaitwa Mtumwa. Binti akakulia katika ufinyanzi. Vyungu vilifinyangwa nyumbani, naye akavitembeza kuviuza, akivinadi kwa sauti iliyofika milangoni kabla yake. Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko akafunzwa muziki, akaimba na mafundi wa udi na fidla, na taarabu, ambayo katika majumba ya wakubwa ilizoea kuimbwa kwa Kiarabu, akaiimba kwa Kiswahili, lugha ya waliokaa barazani na waliosimama nje ya dirisha. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Jina lililochapishwa juu ya sahani hizo halikuwa Mtumwa. Lilikuwa Siti binti Saad.

Siti ni neno la Kiarabu lililochakaa kwa mapenzi. Asili yake ni sayyidati, yaani bibi yangu, ndimi zikalifupisha likawa sitti. Lilikuwa neno la kumwitia mwanamke mwenye heshima kabla ya kuwa jina lake. Waswahili wa kaskazini walikwishafanya vivyo hivyo kwa neno Mwana, wakaliunganisha na majina ya mabibi wao hata likawa halitenguki: Mwanakupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858, alimtungia binti yake, Mwanahashima. Ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi, kwa Wamalai na watu wa visiwa vya Indonesia, Siti hutangulia majina ya wasichana wengi mno, wa mjini na wa shamba, kama ilivyo kwa Siti Nurbaya, aliyeipa jina riwaya ya Marah Rusli ya mwaka 1922. Huko hapana anayeuliza msichana amelipataje.

Unguja waliuliza. Mahasidi walimsimanga Siti kwa shamba alikotoka na kwa kaniki aliyovaa, nguo iliyokuwa alama ya unyonge. Naye akajibu kwa wimbo, kwamba sura na nasaba si hoja mbele ya akili. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba katika kubadili jina hakubadili yote. Aliliacha lile alilopewa yeye, akalishika la baba yake. Katika mji ambamo mwenye asili ya utumwa aliambiwa hana ubini wa kujivunia, yeye alikwenda na binti Saad mpaka alipofariki mwaka 1950. Na Saad, kwa maana yake, ni heri.

Tangu hapo majina hayo mawili hayajawa na bahati moja. Siti limepanda. Shaaban Robert aliandika wasifu wa mwenye jina. Mwaka 1988 chama cha wanawake waandishi wa habari Tanzania, TAMWA, kilianza kutoa jarida lililoitwa Sauti ya Siti. Na mwaka 2020 kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa albamu yake, Siti of Unguja. Mtumwa limeshuka, likafuatana na Tatu, Chausiku na Mize, majina yanayosikika zaidi kwa mabibi kuliko madarasani. Wazazi wa leo hutafuta vitabuni na katika intaneti majina marefu ya Kiarabu yenye maana njema, wala hawana lawama: nani angependa mwanawe aitwe shuleni kwa jina la minyororo? Lakini jina likiachwa kwa aibu, huondoka pamoja na wale waliolivaa bila ya kuona aibu, waliolea, waliofinyanga, waliozika na kuzikwa nalo.

Nyumba ile ya Ng'ambo ilipata shauri usiku wa kuamkia siku ya saba. Mtoto ataitwa Siti. Ni jina fupi, la heshima, na halimkwazi mtu. Akaendewa mdogo wake marehemu, bibi mkongwe aliyekuwa hajasema neno tangu mazishi, ili atoe radhi yake.

"Jina zuri, wanangu," akasema. "Huyo Siti aliyeimba, mnajua aliitwaje alipozaliwa?"

Wakatazamana.

"Nipeni mtoto," akasema bibi. Akampakata, akamwinamia sikioni, akamwita kwanza kwa jina la dada yake, kisha kwa jina walilomchagulia.