Daftari la Hakuna

Hajji, aliyenifunza kazi ya spea, alizikwa Bombo siku ya Ijumaa. Baada ya dua mwanawe akanivuta pembeni, akanipa mfuko wa plastiki wenye kaunta buku kumi na moja. "Baba aliusia hizi ni zako." Nilirudi nazo Kampala nimezipakata ndani ya teksi, na usiku ule nikazisoma mpaka adhana ya alfajiri. Miezi miwili baadaye nikamkabidhi binti wa dada yangu funguo za duka. Kazi ya spea imenilea, imenijengea nyumba, imesomesha wanangu. Sasa nimestaafu, lakini kuna jambo moja mimi na marehemu hatukulimaliza, na ndilo linalonifanya niandike.

Nilizaliwa mwaka 1961 katika kota za reli, Nsambya. Baba alikuwa mtu wa Mombasa, fundi wa karakana; mama alikuwa Mnubi wa Bombo. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kota. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, nyumba yetu ilivunjika nalo. Shule ikanishinda kwa karo, nikaosha teksi, nikauza mafuta ya taa, nikabeba mizigo. Mwaka 1984 Hajji, ndugu wa mbali wa mama, akanichukua dukani kwake upande wa Nakivubo, karibu na soko ambalo leo linabeba jina la Dkt. Samson Kisekka, waziri mkuu wa kwanza wa serikali ya NRM.

Hajji alijifunza kazi kwa Mhindi. Alikuwa kijana wa stoo mpaka Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke. Duka likagawiwa mmoja wa matajiri wapya tuliowaita mafuta mingi. Bwana yule hakujua pistoni wala bushi. Aliuza kitu kikubwa kwa bei kubwa na kitu kidogo kwa bei ndogo, na katalogi zikachanwa kufungia karanga. Hajji aliokoa katalogi mbili za Peugeot, 404 na 504, magari yaliyokuwa teksi za nchi hii enzi hizo. Alinionyesha: kurasa zimeliwa pembeni na mende, na kila namba ameipigia mstari kwa penseli. Nchi hii ilipoteza magari mengi miaka ile si kwa sababu tu vipuri havikuwepo. Vingine vilikuwepo rafuni, hakukuwa na mtu wa kuvisoma.

Kwa hiyo somo langu la kwanza lilikuwa kusoma namba. Toyota zilipoanza kumiminika, Hajji alinikalisha juu ya kreti la soda akanifunza kwamba namba ya Toyota huwa na sehemu mbili za tarakimu tano. 04465 ni pedi za breki za mbele. 43330 ni boljointi ya chini. 48510 ni shokapu ya mbele kulia, 48520 ya kushoto. "Tano za kwanza zinakwambia kitu," alisema, "tano za mwisho zinakwambia mwenyewe." Mpaka leo kijana akinijia na shokapu kuukuu mkononi, akitafuta inayofanana nayo kwa macho, moyo unaniuma. Shokapu mbili zinaweza kufanana kama mapacha, na moja ikamwangusha mtu kwenye mteremko.

Lakini siri ya duka lile ilikuwa kaunta buku. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kila mwenye duka huandika alichouza na anachodaiwa. Hajji aliandika kitu kingine pia: alichoombwa akakosa kuwa nacho. Kila tulipomjibu mteja "hakuna", tulifungua daftari na kuandika tarehe, kitu, namba yake, na namba ya usajili ya gari. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonichosha. Mteja ameshaondoka kwa hasira, nami Hajji ananituma nimkimbilie hadi barabarani kuuliza namba ya gari lake! Niliona ni ukaidi tu.

Mwaka 1993 nikafungua duka langu Barabara ya Kyaggwe. Daftari la hakuna nilikwenda nalo, ila safu ya namba za magari niliifuta. Nilihesabu maombi tu. Mwaka 1998, kabla ya safari yangu ya kwanza ya Dubai, daftari lilionyesha kwamba pampu ya maji ya Isuzu Trooper imeulizwa mara 31 kwa miezi miwili. Nilifika Deira nikanunua 24, pesa taslimu, nikapanda ndege nikijiona tajiri.

Mwaka mzima nikauza tatu.

Nilikuja kujua ukweli polepole. Gari lilikuwa moja, Trooper nyeupe ya mradi fulani wa kilimo. Mwenye gari alimtuma fundi, fundi akamtuma dalali, mmoja wa wale tunaowaita bakayungirizi, na dalali akawatuma wenzake. Kila mmoja alipita duka kwa duka, asubuhi na jioni. Uhitaji wa gari moja ukaandikwa mara 31 kwangu, na Mungu anajua mara ngapi kwa majirani, maana wanne kati yao nao walileta pampu zile zile. Soko zima likajaa dawa ya mgonjwa mmoja ambaye alishapona. Nilizibeba pampu zangu mpaka kwa Hajji. Hakunicheka. Alichukua moja, akazungusha shafti yake kwa kidole gumba, akasikiliza beringi. "Ni nzima," akasema. "Namba ya gari uliandika?"

Tangu siku hiyo niliandika.

Ninyi mnaoanza leo, niwekeeni masikio hapa. Duka halifi kwa kukosa wateja. Linakufa kwa mali iliyododa. Giaboksi inakupa faida ya 200,000 na unajisifu, kumbe imelala kwako miaka miwili. Bushi inakupa 3,000, lakini mashimo ya Kampala yanakuuzia kumi kila mwezi. Piga hesabu: kwa miaka ile ile miwili bushi imekuletea 720,000, na imechukua nafasi ya kiganja. Mei 1987, fedha yetu ilipokatwa sufuri mbili na serikali ikachukua asilimia 30 kwa kila aliyebadilisha, waliokuwa na noti chini ya godoro walilia. Hajji alikuwa na noti chache na rafu zilizojaa vitu vinavyoisha kila wiki. Januari 2008, vurugu za Kenya zilipofunga njia ya Mombasa na kontena langu kukwama, daftari hilo hilo ndilo lililonionyesha nini hasa kinahitajika, nikavizungukia vitu hivyo katika maduka ya wenzangu ambao kwao vilikuwa vimedoda. Jirani yangu mmoja aliyekuwa akiniita karani wa vitu visivyokuwepo alifunga mwaka huo. Sikufurahi, ila sikushangaa.

Leo tatizo limeongezeka. Mpwa wangu, yule niliyempa funguo, alinijia mbio mwezi uliopita na simu mkononi. "Mjomba, taa ya nyuma ya Subaru, watu arobaini wanaitafuta!" Nikamuuliza, magari mangapi? Akanyamaza. Tulipofuatilia, picha ilikuwa moja, yenye ufa ule ule pembeni na kidole kile kile kimeishika, imerushwa kwenye vikundi vyote vya WhatsApp vya mjini. Zamani dalali alichoka miguu, angalau. Sasa gari moja linaweza kupiga kelele kama mia kwa dakika moja, na vijana wanaagiza Guangzhou kwa kufuata kelele. Andikeni namba ya gari, wanangu. Hata mkiandika kwenye simu.

Hapo mimi na Hajji tulikuwa kitu kimoja. Tulichogombana ni idadi. Yeye alishika kwamba kitu hakinunuliwi mpaka kiulizwe na magari matatu tofauti. Mimi nasema mawili yanatosha, ikiwa gari ni toleo jipya barabarani, kwa sababu Kampala gari haliji peke yake. Kikumi, Corolla ya AE100, ilianza kwa mmoja mmoja, na kabla hatujapanga rafu mji mzima ulikuwa kikumi. Anayengoja la tatu anakuta wenzake wameshauza.

Nilipata ushahidi wangu. Mwaka 2018 ilipoanza kutumika sheria ya kuzuia kuingiza magari yaliyopita miaka 15, nilijua matoleo ya karibuni yatajaa. Magari mawili yenye namba mpya za UB yaliulizia boljointi ya toleo moja la Toyota ambalo sikuwa nalo. Sikungoja la tatu. Niliagiza seti 60, na kabla ya miezi minne zilikwisha.

Nikaenda Bombo na daftari langu kumwonyesha. Alikuwa ameketi kibarazani na blanketi magotini, macho yameshapungua, akanitaka nimsomee mstari kwa mstari. Nikamsomea tarehe, kitu, namba, gari la kwanza, gari la pili. Akatikisa kichwa taratibu.

"Hayo magari mawili, uliyaona yote kwa macho yako?"

Nikamwambia kweli. La kwanza lilisimama mbele ya duka. La pili niliandikiwa na dalali.

"Basi lilikuwa moja," akasema, akaomba chai.

Yalikuwa mawili, Hajji. La pili nililiona mwenyewe baadaye, Wandegeya, la fedha, limepandishwa jeki. Nilikusudia kuja kukuambia.