Chumba cha Mvuke Nyuma ya Hospitali



Mwezi huu siwapeleki mbali. Hospitali yetu ndogo ya hapa kambini tunaifahamu wote: ile foleni ya asubuhi, yale mabenchi, wale watoto wanaolilia sindano. Lakini nyuma ya chumba cha upasuaji kuna kachumba ambako wagonjwa hawafiki. Mimi nilifika mlangoni pake kwa sababu ya dada yangu.

Ilikuwa usiku. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake, na daktari akasema mtoto amelala vibaya, lazima mama apasuliwe. Nikabaki nje nikizunguka zunguka. Mlango ule ulikuwa wazi, joto linatoka kama kwenye tanuri la mikate. Ndani alikuwa baba mmoja wa kwetu Fizi, amevaa aproni na glavu. Kazi yake ni kutakasa vyombo vya upasuaji.

Muuguzi akaja mbio. "Papa, leta seti, mgonjwa anangoja!"

Akatoa kifurushi kwenye mashine, akakitazama, akakiweka pembeni. "Hiki kina maji. Sikitoi." Akaenda kwenye kabati, akasoma tarehe kwenye kifurushi kingine kikavu, ndicho akampa.

Jamani, nilikasirika! Dada yangu anateseka, na huyu anachagua vitambaa?

Dada alipona. Mtoto wa kike akalia kabla ya jogoo. Siku ya nne nikarudi kumshukuru yule papa, na kumuuliza.

"Mwalimu, simama hapo hapo, usivuke mstari mwekundu," akaniambia. Kisha akanifundisha kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Kwanza ni kuosha. Mikasi na koleo zinafunguliwa, zinasuguliwa kwa brashi na sabuni mpaka damu yote itoke kwenye meno na maungio. Damu ikibaki imekauka, mvuke hauwezi kufika chini yake. Halafu vinakaushwa, vinahesabiwa, vinafungwa kwa kitambaa, vinaingia kwenye otoklevu. Mashine hiyo ilitengenezwa Ufaransa na Charles Chamberland mwaka 1879, naye alikuwa akifanya kazi na Louis Pasteur. Ni kama sufuria kubwa yenye kifuniko cha kubana.

"Kwa nini tusichemshe tu?" nikauliza.

Akacheka. Maji yakichemka kwenye sufuria ya kawaida hayapiti nyuzi 100. Vijidudu vingi vinakufa hapo, lakini mbegu za pepopunda zinavumilia. Mvuke ukibanwa unafika nyuzi 121, na vifurushi vinakaa humo dakika 30. Dakika hizo hazihesabiwi tangu moto kuwashwa. Zinahesabiwa tangu joto lifike 121. Juu ya kifurushi kuna utepe ambao mistari yake inageuka myeusi. Utepe unaonyesha kwamba kifurushi kimepita kwenye joto, lakini hautoshi peke yake: lazima aangalie saa, joto na presha, aandike kwenye daftari.

"Na kile cha maji?"

"Kitambaa kikilowa, vijidudu vinapenya kutoka nje, kama matope yanavyopenya kwenye soksi. Kwa macho unaona safi, kumbe si safi. Dada yako angeshonwa vizuri, halafu kidonda kingeoza."

Nikanyamaza. Hasira yangu ya usiku ule ikageuka aibu.

Tangu 1996 wazazi wetu wengi walipovuka Ziwa Tanganyika, watoto wengi wamezaliwa makambini, na mimi ni mmoja wao. Sijui ni nani aliyeosha mkasi ulionikata kitovu. Nadhani na wewe msomaji humjui wako.

Kwa hiyo akina mama, uchungu ukianza msingoje nyumbani, nendeni hospitali mapema. Na kama mtoto amewahi kutoka njiani, kitovu kisikatwe kwa kisu cha jikoni wala kiwembe kilichotumika, hata kama kimechemshwa. Pepopunda inaua watoto wachanga. Mfungeni mtoto na mama kwa nguo safi, wapelekwe upesi.

Binti yetu sasa anatambaa. Juzi tulimpeleka kliniki, tukapita kumsalimia yule papa. Alimpungia mkono akiwa ndani, sisi tukiwa nje ya mstari mwekundu.



Mwalimu wenu wa kujitolea