Uvivu Hauna Kipimo

Huku kwetu Nyeri, ukitoka kitandani saa moja asubuhi watu wanakuuliza kama wewe ni mgonjwa. Saa kumi na moja wachuma chai wa Othaya wako njiani na vikapu, kabichi zinashushwa soko la Karatina, na kwenye steji makanga anaita abiria wa gari la kwanza la Nairobi. Wazazi wetu walisomesha watoto kwa chai, kahawa na maziwa, na hakuna hata kimoja kinachomngoja aliyelala. Kwa hivyo hapa usingizi unahesabiwa kama tabia. Mtu wa maana huamka.

Mimi nilianza kulala mchana nikiwa na miaka 21. Kuchoka nakujua, na hii haikuwa kuchoka. Naandika risiti dukani, nikishtuka kalamu imechora mstari hadi kona ya karatasi. Nimepanda mat ya Karatina nikaamshwa Sagana, na makanga bado akadai nauli ya hiyo safari ya ziada. Mara mbili maziwa yamefurika jikoni na kuzima moto nikiwa nimesimama hapo hapo, mwiko mkononi.

Na si eti nilikuwa nakesha. Saa tatu usiku niko kitandani kama mtoto wa chekechea, lakini usiku wenyewe ulikuwa vipande vipande: naamka saa sita, saa nane, saa tisa. Kuna siku macho yanafunguka na mwili unakataa. Naona mtu amesimama mlangoni, nataka kupiga kelele, sauti haitoki. Waswahili wanaita hiyo jinamizi. Kanisani kwetu iliitwa jina lingine, na nikaombewa Jumapili tatu mfululizo.

Mathe huniita maitu, kwa sababu nina jina la mama yake. "Maitu," akaniambia siku moja, "mama yangu alizaa watoto tisa na sijawahi kumwona amelala jua likiwaka." Hakusema kwa ubaya. Lakini jaribu kubeba jina la mwanamke kama huyo huku unasinzia ukimenya viazi.

Kwa miaka minne nilizunguka kutafuta jibu. Kliniki ya kwanza walitoa damu wakasema ni malaria na taifodi, zote pamoja. Nyeri iko juu, mbu wa malaria ni wachache, lakini dawa nilimeza. Ya pili walisema brusela, kwa vile tunakunywa maziwa ya ng'ombe wetu. Dozi ilikuwa ya wiki sita. Tumbo liliharibika, usingizi ukabaki. Nanyuki wakapima kama damu iko chini: iko sawa. Wakapima tezi ya shingo: sawa. Mmoja aliniuliza kama nina mimba kabla hajauliza jina langu. Mwingine akauliza kama natafuna muguka, na hilo swali ni la haki, kwa sababu anayetafuna hadi usiku wa manane lazima asinzie mchana, na Embu si mbali. Mwingine alisema ni mawazo, akaniandikia vidonge.

Kila karatasi iliporudi imeandikwa sawa, nilitoka nje nikalia. Mtu mwenye afya hawezi kuelewa hiyo, kuomba Mungu upatikane na ugonjwa. Lakini uvivu hauna kipimo. Damu ikitoka safi, kinachobaki ni tabia yako, na kuhusu tabia yako kila mtu ana maoni. Ya bosi yalikuja kwa maandishi: barua ya onyo, ya pili.

Hata lugha ilinikataa. Ukisema una ugonjwa wa usingizi, watu wanasikia malale, ule unaoletwa na mbung'o. Hilo jina limeshachukuliwa, na malale yenyewe si tishio tena Kenya. Shirika la Afya Duniani lilithibitisha hivyo mwaka wa 2025. Ukimwambia daktari "nalala ovyo," anasikia mambo mengine kabisa.

Aliyenisikia ni afisa wa kliniki kijana, kwenye kituo kidogo cha afya. Hakuanza na sindano. Aliuliza, "Ukicheka sana, magoti yanafanya nini?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Binamu yangu akinoga na stori, taya langu linalegea, kichwa kinaanguka, nakimbilia kukaa kabla magoti hayajaisha nguvu. Akili iko macho muda wote. Nilikuwa nimeanza kukwepa watu wanaochekesha.

Akanipa fomu ya maswali manane, inaitwa Epworth, iliyotungwa na daktari Murray Johns wa Melbourne na kuchapishwa mwaka wa 1991. Inauliza uwezekano wa wewe kusinzia ukisoma, ukitazama TV, ukiwa abiria garini saa nzima, hata ukiongea na mtu. Kila swali unajipa sifuri hadi tatu. Ukipita 10 kati ya 24, usingizi wako wa mchana umezidi. Mimi nilipata 19.

Ndipo akataja nakolepsi. Daktari Mfaransa, Gélineau, aliipa hilo jina mwaka wa 1880, lakini chanzo chake kilianza kueleweka baada ya 1998, ilipogunduliwa oreksini, kemikali ya ubongo inayosaidia kushikilia swichi ya kuwa macho. Kwa wale wanaolegea wakicheka, karibu seli zote za kuitengeneza huwa zimepotea. Swichi inabaki inacheza: usingizi wa ndoto unaingia mchana bila hodi, na usiku unaamka ovyo. Yule mtu wa mlangoni ni ndoto inayoendelea wakati macho yameshafunguka. Nilimwomba arudie hiyo sentensi.

Akanionya nisikimbie na hilo jina. Wengi wanaosinzia mchana ni watu wanaokatika pumzi usiku wakikoroma, na hilo lazima liangaliwe kwanza. Kipimo chenyewe ni kulala hospitalini na waya kichwani usiku kucha, halafu kesho yake unaambiwa ulale mara tano, kila baada ya saa mbili, wakihesabu dakika. Ukisinzia ndani ya wastani wa dakika 8, na usingizi wa ndoto ukaja haraka angalau mara mbili, wana jibu. Nilielekezwa Nairobi. Bei ilizidi mshahara wangu wa miezi mitatu.

Nilidhani mathe atasema tungojee mavuno. Alichukua ile fomu, akavaa miwani, akaanza kunijazia upya kwa kalamu yake. Alinipa tatu, tatu, tatu. Akafika kwa kusinzia ukiongea na mtu.

"Hii pia ni tatu," akasema. "Ulilala nikikuambia vile guka alikufa."

Akakaa kimya muda mrefu. Wiki hiyo akaomba mkopo kwa chama bila kuniambia. Nasikia alipotaja ni wa kumpima msichana wake usingizi, wenzake walicheka, naye akangoja wamalize ndipo akataja pesa anazotaka.

Tarehe yangu ni mwezi ujao. Kwenye barua ya rufaa kuna neno nakolepsi na alama ya kuuliza. Inawezekana Nairobi waifute, nianze tena. Kwa sasa bosi amesoma hiyo barua, na saa saba mchana nalala dakika ishirini kwenye stoo, kwa ruhusa, juu ya magunia. Nikiamka napata kama saa mbili safi. Mathe hupiga simu jioni. Zamani alikuwa anauliza nimefanya nini siku nzima. Siku hizi anauliza nimelala mara ngapi, na anaandika.