Nyenje Huyu Ni wa Namna Gani?

Masika yakiingia pwani yetu, toka Kilwa Kivinje hata Lindi, usiku hujaa sauti za wadudu. Wengi wetu huwaita wote nyenje, tena huwaua wote. Kufanya hivyo ni hasara.

Kwanza tazameni vipapasio. Vya panzi ni vifupi. Vya nyenje ni vyembamba kama uzi na virefu. Yule mweusi mwenye madoa mawili ya njano penye mashina ya mbawa hupenda kuja taani. Aimbaye ni dume, akisugua mbawa zake za mbele. Jike ana kitu kama sindano nyuma. Msiogope, hana sumu, hutagia mayai udongoni. Na wale wadogo wasio na mbawa, walio kimya, ni watoto tu. Ajabu nyingine: masikio ya nyenje yapo katika miguu ya mbele, chini ya magoti!

Chenene ni mwingine. Miguu yake ya mbele ni mipana kama koleo. Huchimba udongo wenye maji na kutafuna mizizi.

Kisha yuko nyenje mkubwa wa mchangani, mnene kama kidole gumba, rangi ya kahawia. Huyu ndiye mwizi. Hukaa katika shimo refu, na usiku hutoka kukata miche na kuiburuta ndani.

Mwaka huu miche yangu ya nyanya ilikatwa usiku mfululizo. Jirani akaniambia, "Mama, ninayo salfa iliyobaki ya mikorosho. Mwaga bustani nzima, wafe wote." Nikamshukuru, lakini nikakataa. Salfa ile ni dawa ya ubwiri unga, si ya nyenje. Tena watoto na kuku hushinda pale. Nikatoka na wanangu na tochi. Tukaona kichuguu cha mchanga mbichi, na jani la mnyanya mlangoni mwa shimo. Asubuhi tukafukua kwa jembe. Mashimo yalikuwa matatu tu. Kuku wakapata kitoweo, na miche iliyosalia ikapona.

Basi, wazazi, kabla ya kununua dawa, chukueni taa mkatazame. Wafundisheni watoto kumjua mwizi kwa shimo lake. Wale wengine waacheni waimbe.