Sekunde Zile za Ngomo

Tulikuwa kumi na mmoja garini, tukishuka kutoka Bukavu kwenda Uvira. Katika miteremko ya Ngomo, pale barabara inapobanwa kati ya mwamba na bonde, pikipiki ilitokea ghafla kwenye kona. Shofere alikata usukani kuelekea mwamba, na gari likalala ubavu. Mama mmoja kati yetu alivunjika mkono. Sisi wengine tulitoka na michubuko.

Jioni ile, katika kusimuliana, kila mmoja alikuwa na picha kamili: kofia nyekundu ya mwenye pikipiki, kioo kikipasuka polepole kama utando wa buibui unaotandazwa, kikapu cha ndizi kikiruka hewani (kikapu ambacho wawili kati yetu wanakana kwamba kilikuwamo). Sote tulisema jambo lile lilidumu sana. Tukajiuliza: ikiwa sisi tulipata nafasi ya kuona hayo yote, shofere alikosaje nafasi ya kufunga freni? Tukamwandikia mwenye gari barua. Shofere akafukuzwa kazi.

Miezi kadhaa baadaye mmoja wetu, mwalimu wa biolojia, alituletea habari za jaribio la David Eagleman na wenzake, lililochapishwa mwaka 2007. Watu walijitolea kuangushwa kinyumenyume, pasipo kamba, toka kimo cha mita 31 hivi hadi kwenye wavu. Walipoulizwa, walikadiria kwamba anguko lao lilidumu asilimia 36 zaidi ya maanguko ya wenzao waliyoyatazama. Lakini mkononi walikuwa wamefungwa chombo chenye tarakimu zilizobadilika upesi mno zisisomeke. Kama hofu ingalifanya macho yaone mambo polepole, wangalizisoma. Hawakuweza.

Wataalamu hao waliona kwamba kilichorefuka ni kumbukumbu. Wakati wa hatari amigdala, sehemu ndogo ya ubongo yenye umbo la lozi, husaidia mambo mengi kuliko kawaida yahifadhiwe. Nasi tunapoyakumbuka, wingi wake twaudhani kuwa urefu wa muda.

Basi ule muda tuliomdai shofere haukuwapo. Alikuwa na sekunde mbili, labda tatu, na katika hizo alichagua mwamba badala ya bonde. Hilo hatukuliandika.

Tumeandika barua ya pili. Wote tumetia sahihi, yule mama kwa mkono wa kushoto, kwa maana wa kuume haujarudiwa na nguvu. Mwenye gari hajajibu.