Kifaru Changu cha Jangwani

Likizo iliyopita nilitengeneza kifaru. Sisemi yule mnyama mwenye pembe, ambaye mimi sijapata kumwona, bali lile gari la vita la chuma lililopewa jina lake, nadhani kwa ugumu wa ngozi.

Kifaru nilichokiiga huitwa Matilda. Ni cha Waingereza, nacho kilipigana katika majangwa ya Misri na Libya tangu mwaka 1940. Kile cha kweli kilikuwa na urefu wa meta 5.6 na uzito wa tani 27 hivi. Changu ni sehemu moja ya thelathini na tano, yaani sentimeta 16, na uzito wake haufiki wa embe bivu. Mwili ni wa karatasi ngumu za boksi, mzinga ni kalamu iliyokwisha wino, na minyororo ni mpira wa ndani wa baiskeli nilioukata meno kwa wembe. Magurudumu ni visoda. Najua visoda ni vikubwa mno, lakini Matilda ilikuwa na sahani za chuma ubavuni, nazo zimenifichia aibu hiyo. Kazi yote ya kujenga ilikuwa ya siku nne. Kupaka rangi kulinichukua wiki tatu.

Mtu aweza kudhani kwamba jangwa lina rangi moja tu. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka niliposoma kwamba mwaka 1940 na 1941 vifaru hivyo vilipakwa rangi tatu: ya mchanga mkavu, ya kijivu kilichopauka, na ya kijivu cha kiza. Mipaka baina ya rangi hizo ilikuwa mistari iliyonyooka, imelala upande, ili jua kali likipiga adui asitambue umbo. Watu wa jangwa lile walikuwa hodari wa hila. Kabla ya vita vya El Alamein, vilivyoanza tarehe 23 Oktoba 1942, Waingereza walivifunika vifaru vyao kwa turubai vikaonekana kama malori. Tena walilaza bomba la maji la uongo kuelekea kusini, lililofanywa kwa madebe matupu ya petroli, ili Wajerumani wadhani shambulio litatoka huko. Mpango wa bomba hilo ulipewa jina la siri, nalo ni Almasi. Sisi tunaokaa karibu na Mwadui tuna haki ya kucheka.

Tena, kifaru cha vitani hakikai kipya. Nilichovya kipande cha godoro katika rangi nyeusi iliyochanganywa na nyekundu, nikagusagusa kingo ambazo buti za askari huzikwangua. Penye bomba la moshi nikatia kutu ya kweli, niliyoikwangua kwenye bati. Lakini mambo mawili yalinishinda: mistari iliyonyooka na vumbi.

Vumbi lilikuwa shida ya ajabu. Mkoa wetu ulikwisha kuitwa jangwa la Tanzania, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI wa kuhifadhi ardhi, na ngitili zikaota miti upya. Hata hivyo sikupata vumbi la jangwa. Udongo wa mbuga ni mweusi. Ule wa luseni una rangi nzuri, lakini punje zake ni kubwa. Hesabu ni hii: punje ya nusu milimeta juu ya kifaru changu ni sawa na kokoto ya karibu sentimeta mbili juu ya kifaru cha kweli.

Basi nikakitia kifaru katika boksi la viatu, nikaenda Geita kwa mjomba. Zamani mjomba alikuwa akiandika vibao vya maduka hapa Shinyanga, na mstari wake haukuhitaji rula. Ndiye aliyenifundisha kushika brashi. Miaka sita iliyopita aliacha vibao akafuata dhahabu.

Kwenye mwalo wao niliona chungu za marudio, yaani mchanga wa mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa. Ulikuwa laini kama unga, rangi yake ile ile ya kwenye kitabu. Nilijaza kopo zima kwa furaha. Jioni mjomba akaweka kidonge chake cha dhahabu na zebaki juu ya mkaa, nasi tukaketi karibu tukiongea habari za nyumbani.

Asubuhi nikampa brashi. Akakishika kifaru, akavuta mstari, nao ukaenda kama nyoka. Akaufuta, akarudia, ukawa vile vile. Mkono ulikuwa ukitetemeka.

"Ni baridi, mpwa wangu," akasema.

Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Nikanyamaza, nikamwomba avute upande wa kushoto tu.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu wetu wa kemia alinikuta nikipuliza marudio juu ya kifaru. Akaniuliza yametoka wapi. Nilipomwambia, alifunika kopo kwa mkono wake, akanipeleka nikanawe, kisha akanieleza. Zebaki huchemka kwa digrii 357, na mkaa hupita hapo kwa urahisi. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Mtu huuvuta, nao hukaa mwilini ukiidhuru mishipa ya fahamu, na dalili yake mojawapo ni mikono kutetemeka. Nyingine hubaki katika marudio. Sikuwa nimemwambia neno lolote juu ya mjomba.

Nilifuta vumbi lote kwa kitambaa kilicholowa. Nikachukua udongo wa luseni, nikautwanga, nikauchekecha mara tatu kwa kitambaa chepesi, nikaushika juu ya rangi kwa tone la mafuta ya taa. Haukuwa laini kama ule wa mwalo, lakini unafaa.

Kifaru sasa kiko katika kabati la darasa letu. Upande wa kulia nilipiga mistari mimi kwa rula. Wenzangu wananiuliza kwa nini sikurekebisha ule wa kushoto. Nimempigia mjomba simu mara mbili. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili aliniuliza hospitali hupima saa ngapi. Shule ikifungwa nitakwenda Geita nimsindikize.